Sheria Imesema Miezi Mitatu

Jumatatu, 12 Januari

Uji umeungua tena. Niliuacha motoni nikaenda kumfunga binti yetu Mghoi nywele. Baba yake alikuwa ameketi kando ya jiko, simu sikioni, na hakusikia harufu. Meza yote ni ramani. Sahani tunazishika mkononi kama tuko harusini.

Ramani yenyewe nimeijua bila kupenda. Mwandala, kwao mume wangu, ni kijiji kimoja chenye pande mbili, juu na bondeni, kijito katikati. Tume imechora majimbo ya uchaguzi upya na mstari wake umefuata kijito. Watu wa juu wamepelekwa jimbo jirani, wa bondeni wamebaki. Soko, zahanati na tangi la maji vyote viko bondeni. Watu wa juu watakuwa wanalilia maji kwa mbunge ambaye tangi si lake.

Sheria inaruhusu mtu asiyeridhika na mipaka aende Mahakama Kuu, lakini ndani ya siku thelathini tangu itangazwe kwenye gazeti rasmi la serikali. Siku zimeshaanza kukatika. Baba Mghoi alisomea sheria Nairobi, hakuwahi kuapishwa uwakili, na hapa Edmonton, London, anapanga maboksi ghalani. Sasa kwao wamemkumbuka. Wanataka jina lake liwe la kwanza kwenye kesi.

Ninaona fahari juu yake. Nimeandika hilo leo kabla sijakasirika.

Alhamisi, 15 Januari

Wakili wao kule anataka kitu cha kumwonyesha jaji kwamba pande mbili za kijito ni watu wamoja. Baba Mghoi amekaa siku nzima ya mapumziko yake akiandika historia. Koo. Mababu. Nani alihamia kutoka wapi. Nikasoma, nikasinzia.

Nikamwambia habari ya msiba wa baba yake. Nilikuwa bibi harusi mpya, nimetoka Voi, najua wajibu wangu, nikaingia jikoni nipike. Nikafukuzwa. Kwao nyumba yenye msiba haiwashi moto. Akifa mtu wa juu, wanawake wa bondeni ndio wanaopanda na kuni na maji kichwani, wanapika mpaka siku ya maziko. Akifa mtu wa bondeni, wa juu wanashuka. Hakuna anayewaita. Wakisikia tu, wanafunga mizigo.

Hakuwa akijua. Miaka yote hiyo! Mwanamume wa kwao hajui chakula cha msibani kinatoka wapi, anajua kinafika. Akachukua kalamu, akaandika upesi. Kisha akasimama akanishika mabega, akasema nimempa kesi nzima.

Sijamwona amenyoosha mgongo namna hiyo tangu tuje nchi hii.

Jumamosi, 17 Januari

Heathrow. Ameondoka.

Wakili amesema mlalamishi wa kwanza lazima awepo, atie sahihi mwenyewe, aonekane. Kazini amepewa likizo bila malipo. Mghoi alimshikilia koti mpaka akalazimika kulivua. "Miezi mitatu tu," aliniambia. "Si mimi nasema. Sheria imesema."

Katika treni ya kurudi nilikitafuta kifungu chenyewe kwenye simu nikakisoma. Ni kweli. Kesi ya mipaka ikishawasilishwa, mahakama iisikilize na kuiamua ndani ya miezi mitatu. Kesi nyingine kwetu zinazeeka na watu wake, lakini hii imewekewa mwisho. Nikakisoma tena. Nilijisikia kama mtu aliyepewa risiti.

Jumamosi, 31 Januari

Kesi imewasilishwa jana, ndani ya muda. Wameimba nje ya mahakama. Amenitumia video. Yuko katikati, suti ya harusi yetu, imembana tumboni.

Kwa hiyo miezi mitatu imeanza jana na si siku aliyoondoka. Hilo sikulipigia hesabu. Basi, mwisho wa Aprili.

Mghoi ameuliza, "So when the judge says it's finished, Baba has to come home?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuwaambia wanasesere wake.

Jumapili, 15 Februari

Simu zake zimekuwa fupi. Akipiga, nyuma yake kuna watu. Leo nimesikia mtu akimwita mheshimiwa, wengine wakacheka. Naye akacheka. Nikacheka na mimi, huku nikimenya viazi.

Hasemi tena habari ya baridi, wala ghala, wala bosi wake. Anasema tangi. Anasema barabara. Ana furaha. Mume wangu ana furaha na mimi sina sehemu yoyote ndani yake. Nina wivu na kijiji kizima, na sioni aibu kuandika.

Kazini Bi Zuhura amenitania kwamba nimekonda kama mke wa mwanasiasa. Bi Zuhura ni Mpemba, tunafanya naye zamu moja kwenye makao ya wazee. Alikimbia kwao zamani baada ya vurugu za uchaguzi na hadi leo ukitaja kura anabadilisha mada. Nikamwambia mume wangu si mwanasiasa, ni mlalamishi. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa namna ambayo haikunipendeza.

Jumatano, 25 Februari

Uraia wetu umekubaliwa! Bahasha mbili zimeanguka mlangoni, yake na yangu, na mwaliko wa kula kiapo mwezi wa Aprili. Nimeimba peke yangu kwenye korido. Miaka tuliyosubiri! Desemba tulisimama pamoja kule Croydon kupigwa alama za vidole, na yeye akinitania kwamba vidole vyangu vimeisha kwa kuosha sufuria.

Nimempigia palepale. Kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Yangu iache kwanza."

Kwa nini?

"Iache kwanza tu, Mama Mghoi. Tutaongea."

Hatujaongea. Nimeziweka zote mbili juu ya friji.

Alhamisi, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mahakama siku hizi inaonyesha kesi kwenye mtandao. Nilitumia mapumziko yangu kazini, katika chumba cha kufulia, simu nimeiegemeza kwenye dumu la sabuni. Bi Zuhura alikuwa akikunja mashuka. Tulimwona Baba Mghoi akisimama kizimbani, tai nimemnunulia mimi. Bi Zuhura akasema, "Mumeo kapendeza." Kweli alipendeza.

Wakili wa tume akaanza. Kwamba mtu huyu hana haki ya kuleta kesi hii. Kwamba anaishi London, ana kazi London, mipaka ya Mwandala inamhusu nini?

Akamuuliza anaishi wapi. Akajibu, Mwandala. Na London? Akasema kule alikwenda kutafuta tu. Kule analala, haishi.

Akamuuliza, familia yako iko wapi?

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya tai. Namfahamu, akifuta miwani anajipa muda wa kufikiri. Akaivaa tena na kusema, kwa Kiingereza safi, taratibu, ili karani apate kuandika: "My family is the people of Mwandala."

Watu wakapiga makofi. Jaji akawanyamazisha.

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Bi Zuhura alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Nikaizima simu nikaenda kumlisha mzee wa chumba cha mwisho chakula chake cha mchana.

Ijumaa, 13 Machi

Amepiga. Sikupokea. Akapiga tena, nikapokea.

Eti maneno ya mahakamani hayo. Eti nisiyabebe nyumbani. Kwamba angesema ana mke na mtoto London kesi ingetupwa nje, na watu wa juu wangekosa maji. Kwamba mimi kama msomi mwenzake nilitakiwa kuelewa. Sasa nimekuwa msomi mwenzake.

Nikamwambia kifungu nimekisoma na ninakijua. Hakisemi mkazi. Hakisemi mpiga kura. Hakiulizi familia. Kinasema mtu anaweza kuomba. Mtu. Ungesema ukweli na kesi ingebaki.

Akasema mambo ya sheria nimwachie wakili.

Ninalia nikiwa nimekaa pembeni ya bafu ili Mghoi asisikie. Alinioa kanisani mbele ya watu walewale aliowaita familia yake.

Jumatatu, 16 Machi

Kazi. Mvua. Mghoi ana kikohozi.

Jumapili, 29 Machi

Leo saa za huku zimesogezwa mbele. Sasa pengo letu na Kenya limepungua, tunapishana saa mbili tu. Zamani siku hii Baba Mghoi alikuwa akisema tumekaribia nyumbani kidogo, na alikuwa anapiga simu kwa mama yake kumpa habari hiyo kama ndiyo mara ya kwanza. Mama mkwe alikuwa akijibu hajaona tofauti.

Leo alimpigia Mghoi. Nikawasikia sebuleni. Yeye anaongea Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, kama kawaida yao. Akamuuliza anataka zawadi gani. Mghoi akasema, "Just you." Baba yake akasema atakuja mwisho wa mwezi ujao, jaji akishamaliza.

Amemwahidi mtoto. Nimelishikilia hilo.

Alhamisi, 16 Aprili

Kiapo.

Nilivaa gauni la kijani. Ukumbi wa manispaa, picha ya Mfalme, viti vimepangwa safu safu. Kwenye kiti cha kando yangu walikuwa wamebandika jina lake. Sikuwahi kuwaandikia kwamba haji. Kila siku nilijiambia huenda akabadili mawazo, na ningekuwa nimemfungia mlango mwenyewe.

Mwanamke mmoja kutoka Ghana akaniuliza kama kile kiti kina mtu. Nikasema kina mtu. Mimi na wivu wangu wa kijinga, nikaweka mkoba juu yake.

Wakasoma jina lake kwanza, kwa kulivunjavunja. Wakalisoma mara ya pili. Mghoi akasema kwa sauti, "He's at court," na watu wakageuka kutuangalia kwa huruma. Walidhani ameshtakiwa.

Kisha wakasoma langu. Flora. Nikasimama nikaapa peke yangu. Sauti yangu ilitoka vizuri. Nilikuwa nimeota tutashikana mikono.

Jumatatu, 27 Aprili

Wameshinda.

Nimeomba ruhusa nikaingia chumba cha kufulia. Bi Zuhura akanifuata bila kuitwa. Jaji ni mama wa makamo, anasoma polepole, haangalii kamera.

Alianza na lile pingamizi la tume. Alilimaliza kwa pumzi moja. Sheria inasema mtu, alisema, na mlalamishi ni mtu. Mahali anapolala na familia yake iko wapi si shughuli ya mahakama hii, na hakukuwa na haja ya kumuuliza wala ya yeye kujibu.

Hakukuwa na haja. Jaji amesema. Imeandikwa, itachapishwa, wanafunzi wa sheria wataisoma.

Kisha akafika kwenye msiba. Akasoma yote: kuni, maji, moto usiowashwa, wanawake wanaopanda na wanaoshuka bila kuitwa. Maneno yangu, karibu neno kwa neno. Akasema tume ilitazama kijito na haikutazama watu. Kwamba watu wanaopikiana msibani ni jamii moja, na mstari hauwezi kupitishwa katikati yao bila sababu nzito, na sababu hiyo tume haikuileta. Mipaka ya Mwandala imefutwa, ikachorwe upya.

"Ndivyo mnavyofanya kweli?" Bi Zuhura akaniuliza. "Mfiwa hagusi jiko?"

Hagusi.

"Ni vizuri," akasema. Akarudi kwenye mashuka.

Jioni akapiga. Vigelegele, ngoma, mtu anapuliza filimbi. "Tumeshinda, Mama Mghoi!" Nikamwambia hongera, na niliimaanisha. Watu wa juu watapata maji yao na nimefurahi. Nikamuuliza, unakuja lini?

Akaondoka kwenye kelele. Nilisikia mlango ukifungwa. Akaniambia wazee wamekaa wakaamua. Uchaguzi ni mwakani. Wanataka asimame, na hakuna mwingine anayejulikana pande zote mbili. Ameshakubali. Na huo uraia, nielewe, anayetaka kuingia bungeni hawezi kuapa kwa nchi nyingine.

Kwa hiyo Februari alikuwa ameshajua. Niliimba kwenye korido na yeye alikuwa ameshajua.

"Njooni nyumbani," akasema. "Wewe na mtoto. Tutaanza upya." Hakuniuliza. Alitangaza, na watu wakiwa wanamsubiri nje.

Nilimwona Mghoi kupitia mlango wazi, amelala kifudifudi juu ya zulia, anachora ndege. Shule yake, marafiki zake, kikohozi chake na daktari anayekijua. Mimi mwenyewe nimeapa majuzi mbele ya picha ya Mfalme nikitazama kiti kitupu.

Nikasema hapana. Sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka kama kupiga chafya.

Akasema nifikirie. Nikasema nimefikiri tangu tarehe kumi na mbili Machi. Akasema nakosa shukrani, kwamba mwanamke mwingine angeona fahari. Nikamwambia niliona. Niliiandika kabisa.

Akasema, "Basi sawa, Flora."

Hajawahi kuniita Flora tangu Mghoi azaliwe.

Jumanne, 28 Aprili

Nimemwambia Mghoi. Nilitumia Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu hakina maneno laini ya jambo hili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "But the judge finished." Nikasema ndiyo, jaji amemaliza.

"In time?"

Kwa wakati. Kabla hata ya miezi mitatu kwisha.

Akatoka akafunga mlango wa chumba chake taratibu. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi, 30 Aprili

Siku ya mwisho ya sheria. Hakuna aliyefika. Nilikwenda dirishani mara kadhaa, mjinga mimi.

Nampenda bado. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 2 Mei

Sikuwa na zamu. Nilibandua kwa kitambaa chenye maji ramani ya mwisho iliyobaki mezani, maana ilikuwa imegandishwa na chai, na wino ukatoka ukaingia kwenye kitambaa. Nikaitupa. Meza ni kubwa kuliko nilivyoikumbuka.

Adhuhuri nilikuwa nimesimama mbele ya jiko. Mafuta yapo kwenye sufuria, kitunguu kimekatwa, na siwezi kuwasha. Sijui nilisimama muda gani. Kengele ikalia.

Bi Zuhura. Jana kazini nilimwambia kwamba Baba Mghoi harudi. Leo ametoka Woolwich mpaka hapa, mabasi na treni, sufuria ya wali wa nazi imefungwa kwa kanga, samaki wa kupaka kwenye bakuli. Chini ya kwapa ameshika chupa kubwa ya maji ya dukani. Nikamwambia maji tunayo, mbona umejitesa. Akasema, "Maji nimeyaona. Kuni sikuona pa kuzipata."

Akapita. Akaniondoa mbele ya jiko kwa kiwiko, kama nilivyoondolewa siku ile Mwandala. Akarudisha mafuta yangu kwenye chupa yake, akaweka kitunguu kwenye friji. Bahasha ya Baba Mghoi ilikuwa bado iko juu pale. Hakuigusa.

Mghoi akatoka chumbani kwa harufu. Akatutazama. "Who died?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," Bi Zuhura akamwambia. "Lete sahani."

Akazileta mbili, akarudi kuchukua ya tatu. Tuliketi mezani. Nililia kidogo na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Wali ulikuwa umezidi chumvi. Nikala nikamaliza, nikaongezewa.